KARAOKE KWA LUPANGO: CHAGUA VYOMBO KWA AKILI, LINDA MASIKIO YAKO



Zamani sherehe ya lupango ilitosha na bukari, kuku, kinywaji na kanda za muziki. Leo mtoto akipata diploma, au mjukuu akibatizwa, wageni wanauliza mara moja: «Karaoke iko?» Kila mtu anataka kushika mikro aimbe, hata baba mkubwa ambaye kanisani hafungui kinywa. Ni furaha nzuri, na hatusemi muiache. Lakini vyombo vya karaoke vinauzwa vya kila namna: vingine ni vizuri, vingine ni sanduku tupu lenye taa za kumetameta. Tena, kisha sherehe, watu wanafika kwa dispensari: huyu masikio yanalia, yule sauti imekauka, mwingine kidole kimeungua na umeme. Kwa hiyo leo ukurasa wetu utakusaidia kwa mambo mawili: kununua bila kupoteza feza, na kuimba bila kupoteza afya.

KARAOKE NI KITU GANI?

Ni neno la Kijapani. «Kara» maana yake ni tupu, na «oke» ni kifupi cha «okesutora», ni kusema okestra. Muziki uko, mwimbaji hayuko. Nafasi yake ni yako. Mnamo 1967 Shigeichi Negishi wa Tokyo alitengeneza mojawapo ya mashini za kwanza za namna hiyo. Mnamo 1971 Daisuke Inoue, mpiga muziki wa mji wa Kobe, akatengeneza yake na kuikodisha kwa mabaa.

Tangu wakati ule mambo ni yale yale matano: muziki usio na sauti ya mwimbaji, maneno ya wimbo, mikro, chombo cha kuchanganya sauti na muziki, na bafule ya kutoa sauti. Muuzaji akikuonyesha sanduku, tafuta hayo matano. Mengine yote ni mapambo.

HESABU WATU MBELE YA KUHESABU WATI

Kosa la wengi ni kuuliza: «Iko na wati ngapi?» Jiulize kwanza: wageni wangapi, na pahali gani? Watu kumi katika chumba cha kupokelea wageni hawaombi kitu kimoja na watu hamsini chini ya hema.

Ujue tena kwamba wati zinazoandikwa kwa herufi kubwa juu ya sanduku mara nyingi si za kweli. Wati za kweli ni zile zinazoandikwa «RMS»: ndizo bafule inaweza kutoa saa nyingi bila kuungua. Zile za «PMPO» au «MAX» ni za kuvuta macho. Ukikuta «5000 W» juu ya bafule unayoweza kuinua kwa mkono mmoja, cheka, ukapite.

Tufanye hesabu kidogo. Bafule nzuri ya sherehe, ukiipa wati 1 tu, inaweza kutoa karibu desibeli 95 kwa umbali wa metre 1. Ukizidisha wati mara kumi, unaongeza desibeli 10. Kwa wati 100 inakuwa desibeli 115 kwa metre 1. Pahali pa wazi, kila unapozidisha umbali mara mbili unapunguza desibeli 6: kwa metre 2 ni 109, kwa metre 4 ni 103, kwa metre 8 ni 97. Utaona hapa chini kwamba hiyo tayari imepita kipimo cha masikio. Ndiyo kusema, kwa lupango la watu thelathini au arobaini, bafule moja ya wati 100 za kweli inatosha na kubaki. Anayekuuzia wati 1000 kwa siku ya kuzaliwa ya mtoto anakuuzia makelele.

Angalia sasa ukubwa wa mdomo wa bafule. Kwa sebule, inchi 8 inatosha. Kwa lupango, inchi 10 au 12. Inchi 15 ni ya sala kubwa. Kununua bafule yenye ampli ndani yake ni vizuri kwa mtu asiye fundi: kamba chache, makosa machache. Ile mikro ndogo yenye bafule ndani ya kishikio ni ya kuchezea watoto nyumbani. Usiitegemee kwa wageni.

Usinunue kabla ya kusikia. Peleka simu yako na wimbo unaoujua vizuri. Omba waufungue kwa sauti ya chini kwanza, halafu ya kadiri. Chukua mikro, sema maneno ya kawaida. Kama mtu aliyesimama mlangoni hafahamu unachosema, chombo hicho hakifai, hata kikiwa na taa za rangi saba.

Hapa kwetu Katanga tunajua kwamba muziki hauombi nguvu nyingi. Mnamo 1952 Hugh Tracey alimrekodi Mwenda Jean Bosco kule Jadotville, mji tunaouita leo Likasi. Gitari moja, sauti moja, na hata leo watu wa nchi za mbali wanajifunza vidole vyake.

MIKRO, NA ULE MLIO MBAYA

Mikro ya kamba ni ya bei ndogo, haiombi betri, na haichanganyikani na mikro ya jirani. Mikro bila kamba inampa mwimbaji nafasi ya kutembea na kucheza, lakini weka betri za akiba. Nunua mbili, kwa sababu watu wanapenda kuimba wawili wawili.

Unaujua ule mlio unaochoma masikio ghafula, watu wote wakiinama? Watu wa muziki wanauita larsen. Unakuja kwa sababu mikro inasikia bafule, bafule inarudisha sauti ya mikro, na sauti inazunguka ikiongezeka nguvu. Dawa yake haiombi feza:

– Weka bafule mbele ya mwimbaji, ikitazama wageni. Mwimbaji asisimame mbele yake.
– Usifunike kichwa cha mikro kwa mkono. Mikro ikae karibu na mdomo.
– Ukiona mlio unaanza, punguza sauti ya mikro kwanza, si ya muziki.
– Punguza mwangwi. Mwangwi mwingi unaficha sauti mbaya, lakini unaita larsen.

Bafule ikae juu ya mguu wake au meza ngumu, juu kidogo ya vichwa. Ikiwa chini, walio mbele wanaumia masikio na walio nyuma hawasikii kitu, ndipo mtu anakwenda kuongeza.

Kwa maneno ya wimbo, simu iliyofungwa kwa televizio inatosha. Pakua nyimbo mbele ya siku ya sherehe, maana mtandao unaweza kukatika katikati ya wimbo. Tena tumia kamba kutoka simu mpaka kwenye bafule. Sauti ikipita kwa Bluetooth inaweza kuchelewa sehemu moja au mbili za kumi za sekunde. Ni kidogo, lakini inatosha kumpoteza mwimbaji njiani.

UMEME NA GRUPU

Hapa fungua macho, maana hapa ndipo mtu anaweza kufa.

Bafule yenyewe haili umeme mwingi: ya wati 300 kwa volti 220 haifiki ampere 2. Hatari inatoka kwa vitu vingine vinavyofungwa pamoja nayo. Resho mbili za wati 1500 zinaomba karibu ampere 14. Ukizifunga kwa multiprizi ndogo ya ampere 10, pamoja na friji na karaoke, plastiki inayeyuka na moto unaanza. Jiko liwe na prizi yake, muziki uwe na yake.

Kamba ndefu ya kuzungusha uifungue yote. Ikibaki imezungushwa inapata moto ndani. Isipite chini ya mkeka wala ndani ya maji. Wakati wa mvua, vyombo vyote vikae chini ya paa, juu ya meza. Nyuzi zilizo uchi uzikate, usizifunge kwa kitambaa. Mwimbaji asishike mikro ya kamba akiwa na miguu mitupu juu ya udongo wenye maji.

Umeme ukikatika, zima vyombo vyote na kuvitoa kwa prizi. Ukirudi, mara nyingi unarudi na nguvu isiyo sawasawa. Ngoja dakika chache.

Mtu akishikwa na umeme, USIMGUSE. Kata umeme kwanza. Kama huwezi, simama pahali pakavu na msukume mbali na waya kwa mti mkavu. Kama hapumui, anza kumkandamiza kifua katikati, kwa nguvu na haraka, kama mara 100 mpaka 120 kwa dakika, na mwingine akimbie kuita msaada. Hata akiamka na kusema hana kitu, mlete hospitali: umeme unaweza kuharibu mwendo wa moyo.

Grupu nayo ina hatari yake. Moshi wake una gazi ya monoksidi ya kaboni: haina rangi, haina harufu. Inaanza na maumivu ya kichwa, kizunguzungu na kutapika, mpaka watu wanawaza ni pombe, halafu mtu analala asiamke tena. Kwa hiyo grupu haiingii ndani ya nyumba, wala kwa baraza, wala chini ya dirisha. Iweke mbali, angalau metre 6, moshi ukitazama upande wa bure. Usitie mafuta ikiwa inazunguka au ingali na moto. Mbabula ya makala nayo inatoa gazi ile ile: usiiingize ndani ili kufukuza baridi.

SIKIO LINA POSHO YAKE

Ndani ya sikio mna chembe ndogo zenye nywele, karibu 15 000, ambazo zinapokea sauti. Makelele yanaziua. Ngozi ikikatwa inapona, mfupa ukivunjika unaunga, lakini chembe hizi kwa mwanadamu hazioti tena.

Sikio lina posho yake ya makelele kwa kila siku, na posho hiyo inapimwa hivi:

– desibeli 85: saa 8
– desibeli 88: saa 4
– desibeli 91: saa 2
– desibeli 94: saa 1
– desibeli 97: dakika 30
– desibeli 100: dakika 15

Kila desibeli 3 zinakata wakati nusu. Sasa fikiri: wewe unayesimama karibu na kompresa, na mashini ya kusaga mawe, au unayeshika mashini ya kutoboa, unaweza kumaliza posho yako ya siku kazini hata mbele ya saa sita. Jioni unapokwenda kwa karaoke, huna tena akiba. Unakula posho ya kesho. Mtu wa ofisi akikaa mbele ya bafule ile ile, hayuko sawa nawe.

Dalili ni hizi: masikio yanalia kisha sherehe, au unasikia sauti za watu lakini hufahamu maneno. Hiyo ni onyo. Ikikaa zaidi ya siku moja, njoo tukupime.

Na si jambo la nyumbani tu. Chini ya shimo unagonga jiwe la juu kwa baramini na kusikiliza: linalolia sawasawa limeshika, linalolia kama tupu linataka kuanguka. Unasikiliza king'ora mbele ya kulipua mawe. Unasikiliza motokari kubwa ikirudi nyuma. Mwenzako akipaza sauti «Toka!», ni masikio yako yatakayokutoa. Mtu aliyeyaacha kwa karaoke hana kitu cha kumtoa.

Fanya hivi basi. Simama kwa urefu wa mkono kutoka kwa mwenzako: kama unapaswa kupaza sauti ili akusikie, makelele yamepita kipimo. Kwa muziki wa mabaa na sala, Shirika la Afya Ulimwenguni (OMS) mnamo 2022 liliweka mwisho wa wastani wa desibeli 100. Kwa lupango lenye watoto, kaa chini sana ya hapo. Viti viwe angalau metre 3 kutoka kwa bafule. Mama mwenye mtoto mgongoni akae nyuma kabisa. Kila saa, pumzisha muziki kwa dakika kumi: ni wakati wa kula. Na vizibo vya masikio vya kazini si haya kuvivaa kwa sherehe.

JIRANI WA KAZI YA USIKU

Ukuta wa nyumba zetu si mnene. Ng'ambo yake analala mtu atakayeshuka shimoni alfajiri, au aliyepanda asubuhi kutoka kazi ya usiku. Asipolala, kesho atashika usukani au kifungo cha kamba ya kushushia watu macho yakimfunga. Labda wewe utakuwa mmoja wa wale anaowashusha. Mwambie jirani mbele ya siku, patana naye saa ya kumaliza, geuza bafule upande usio na nyumba yake. Tena mwite aje aimbe.

MIKRO MOJA, VINYWA ISHIRINI

Panguza kichwa cha mikro kwa kitambaa chenye alkoli kila anapopokea mwingine, ikiwa imezimwa. Kuimba kunatoa matone na hewa nyingi kuliko kusema, basi imba nje au fungua madirisha yote. Mwenye homa na mafua apige makofi tu leo. Anayekohoa zaidi ya juma mbili asingoje sherehe: aje kwa dispensari tuangalie kama si kifua kikuu. Na mwimbaji anywe maji. Lutuku haifungui sauti, inaikausha.

KUMBUKA

1. Hesabu watu, halafu wati za RMS.
2. Sikia chombo mbele ya kulipa.
3. Bafule mbele, mikro nyuma.
4. Prizi moja kwa muziki, nyingine kwa jiko.
5. Grupu nje, mbali na madirisha.
6. Metre 3 kutoka kwa bafule, watoto nyuma.
7. Masikio yakilia, punguza sauti. Yakiendelea kulia kesho yake, njoo utuone.

Mlango wa dispensari uko wazi, na kupima masikio hakuumizi. Tunawatakia sherehe njema.