Mwanamke Aliyetafuta Matabibu Miaka 12

Leo nasema hasa na akina mama wa Kitui na Makueni, lakini wewe baba usiondoke karibu na redio, maana nauli mara nyingi imo mfukoni mwako.

Marko, katika sura ya 5, atueleza habari za mwanamke aliyetokwa na damu miaka 12. Alikwenda kwa matabibu wengi, mali yake ikaisha, na hali yake ikazidi kuwa mbaya. Nikisoma habari hiyo nawaza juu ya mama atokaye Mutomo alfajiri, apanda matatu hadi Kitui mjini, aingia kliniki ya kwanza yenye kibao, apewa vidonge vya maumivu, arudi nyumbani. Mwezi ujao aingia penye kibao kingine. Imani anayo, ila hajauliza ni nani anayemtibu.

Siku hizi mijini mwetu ziko kliniki ambamo watabibu kadhaa hufanya kazi chini ya paa moja. Mmoja hutazama watoto, mwingine meno, mwingine magonjwa ya wanawake. Sisi huwaita hao wote daktari, na ni heshima njema, lakini masomo yao si sawa. Ofisa wa kliniki amesomea kutibu magonjwa mengi ya kawaida, naye hutusaidia sana. Daktari bingwa wa magonjwa ya wanawake na uzazi alimaliza kwanza udaktari wenyewe, kisha akaongeza miaka mingine ya kusomea mambo hayo peke yake.

Basi, ukifika pale wanapoandikisha wagonjwa, uliza: Bingwa wa wanawake yupo? Huja siku gani? Mara nyingi ana kazi katika hospitali nyingine, na kliniki huja siku moja au mbili tu kwa juma. Ni heri kupiga simu kabla ya kulipa nauli. Uliza pia kama jina lake limo katika orodha ya Baraza la Madaktari, liitwalo KMPDC. Leseni hufanywa upya kila mwaka, na kijana mwenye simu aweza kukutazamia. Huko si kumkosea heshima. Hata fundi wa paa twamwuliza alijenga wapi.

Sasa habari ya haya. Ukipenda kupimwa na daktari mwanamke, sema. Kama yupo mwanamume tu, omba muuguzi wa kike asimame karibu. Wako mama wazee waonao aibu kumvulia nguo kijana aliye sawa na mwana wao, nasi twawaelewa. Lakini damu itokayo baada ya hedhi kukoma kabisa, au baada ya kukutana na mume, haifai kufichwa hata juma moja. Huenda ni jambo dogo. Huenda pia ni saratani ya mlango wa kizazi, ambayo kwa makadirio ya mwaka 2020 iliua wanawake zaidi ya 3,000 katika Kenya. Ikionekana mapema, hutibika.

Tena, mama asiye na dalili yoyote hahitaji bingwa kwa uchunguzi wa kwanza. Muuguzi aliyefundishwa hupaka siki kidogo kwenye mlango wa kizazi, hutazama kama pana doa jeupe, na kukuambia majibu papo hapo. Wanaohimizwa zaidi ni wanawake wa miaka 25 hadi 49. Akiona jambo, atakuandikia barua ya kwenda mbele, pengine hospitali ya rufaa ya Kitui au ya Wote. Itunze barua hiyo pamoja na kitambulisho.

Uliza pia kama kliniki yapokea bima ya SHA, iliyochukua mahali pa NHIF Oktoba 2024, maana si kila mahali wanaipokea. Andika siku damu ilipoanza, na dawa zote ulizokwisha kumeza, hata zile za mitishamba. Daktari atauliza.