Dola 538 na Balbu Moja: Kampuni Iliyoanza Bila Fedha za Matangazo

Mara nyingi husikika hoja kwamba kijana mwenye utaalamu hawezi kuanzisha shughuli yake mwenyewe kwa sababu hana fedha za kuitangaza. Hoja hiyo ina ukweli ndani yake, kwani bidhaa isiyojulikana hainunuliwi. Hata hivyo, kabla ya kuuliza tangazo litagharimu kiasi gani, yapasa kuuliza ni nani hasa anayestahili kulisikia. Historia ya kampuni ya Hewlett-Packard ya Marekani yafaa kuchunguzwa kwa makini, kwa sababu mwanzoni mwake swali hilo lilijibiwa kwa gharama ya stempu chache za posta.

Mtaji na karakana

William Hewlett na David Packard walisoma katika Chuo Kikuu cha Stanford, jimbo la California, wakahitimu mwaka 1934. Mwalimu wao wa uhandisi wa redio, Frederick Terman, alikuwa na desturi ya kuwahimiza wanafunzi wake waanzishe viwanda karibu na chuo, badala ya kwenda kutafuta kazi katika majimbo ya mashariki. Tarehe 1 Januari 1939 vijana hao wawili waliandikiana ubia. Mtaji wao ulikuwa dola 538 na mashine moja kuukuu ya keekee. Karakana yao ilikuwa banda la gari katika nyumba ya kupanga mjini Palo Alto, ambamo Packard aliishi na mkewe Lucile.

Mwanzoni walipokea kazi yoyote iliyowajia: kifaa cha kupatanisha sauti za harmonika, kifaa cha kumwonyesha mchezaji wa bowling aliyevuka mstari, na mtambo wa kuendesha darubini ya Lick Observatory. Kazi za namna hiyo zilileta riziki, lakini hazikuwa bidhaa ya kutegemewa.

Bidhaa yenyewe

Bidhaa iliyowatoa katika hali hiyo ilitokana na utafiti wa Hewlett wa shahada ya juu pale Stanford. Ilikuwa osileta ya sauti, yaani chombo kinachotoa mawimbi ya umeme yenye marudio yanayolingana na yale yasikikayo na binadamu, takriban 20 hadi 20,000 kwa sekunde. Wahandisi wa simu, redio na filamu hukihitaji chombo hicho ili kupima vipaza sauti na mitambo yao mingine.

Osileta nyingi za wakati ule zilichanganya mawimbi mawili ya marudio makubwa, na tofauti yake ndiyo iliyotumika. Tuchukue mfano. Wimbi la kwanza likiwa na marudio 100,000 kwa sekunde na la pili 101,000, tofauti ni 1,000. Iwapo joto litapandisha marudio ya wimbi la pili kwa sehemu moja tu katika elfu, yatakuwa 101,101, na tofauti itakuwa 1,101. Hivyo kosa la asilimia 0.1 limegeuka kuwa kosa la zaidi ya asilimia 10. Kulizuia kosa hilo kulidai ufundi mwingi, na ufundi huo ulipandisha bei.

Hewlett alifuata njia nyingine. Alitumia rezista na kapasita zilizopangwa kwa utaratibu uitwao daraja la Wien, pamoja na amplifaya ya valvu. Katika mpango huo, marudio ya wimbi hutegemea moja kwa moja thamani za rezista na kapasita hizo. Tatizo ni kwamba amplifaya hupaswa kulikuza wimbi mara tatu kamili. Ikilikuza pungufu, wimbi hufifia na kutoweka. Ikizidisha, wimbi huendelea kukua hadi umbo lake likaharibika.

Tatizo hilo liliondolewa kwa balbu ndogo ya taa. Wimbi linapokuwa kubwa kupita kiasi, mkondo mwingi zaidi hupita katika balbu, waya wake hupata joto, na ukinzani wake huongezeka. Ongezeko hilo hupunguza nguvu ya amplifaya, na wimbi hurudi katika kiasi chake. Wimbi likipungua, mambo hugeuka kinyume. Balbu ilikuwa imekwisha kutumiwa kwa kazi kama hiyo na L. A. Meacham wa maabara za Bell katika osileta ya aina nyingine. Hewlett aliiunganisha na daraja la Wien, akapata chombo sahihi, chepesi na cha gharama ndogo.

Walimu wa fizikia wanaweza kuionyesha tabia hii darasani. Chukua balbu ya tochi ya aina ya zamani, yenye waya ndani. Pima ukinzani wake ikiwa baridi. Kisha iwashe, pima volti na mkondo, na ugawanye volti kwa mkondo. Itaonekana kuwa ukinzani wa balbu inayowaka ni mkubwa mara kadhaa kuliko wa balbu baridi.

Habari ziliwafikiaje wanunuzi?

Wabia hao hawakununua nafasi gazetini. Walitayarisha karatasi ya maelezo yenye kurasa mbili, wakaituma kwa posta kwa wateja wapatao 25 ambao Terman aliwaorodhesha. Katika majuma machache ya mwanzo wa mwaka 1939 walianza kupokea maagizo, mengine yakiwa na hundi ndani ya bahasha. Chombo walikiita 200A, ili kampuni isionekane kuwa imeanza jana.

Bei waliyoitaja ilikuwa dola 54.40, tarakimu iliyotokana na kaulimbiu ya zamani ya Wamarekani kuhusu mpaka wao wa kaskazini. Haikutokana na hesabu ya gharama, na baadaye waligundua kuwa hawangeweza kukitengeneza chombo hicho kwa bei hiyo. Kilichowaokoa ni kwamba osileta za washindani wao ziliuzwa kwa bei kubwa mara kadhaa, hivyo palikuwa na nafasi ya kusahihisha.

Mteja mkubwa alipatikana kwa njia ya mazungumzo ya kitaalamu. Mnamo Novemba 1938 Hewlett alihudhuria mkutano wa wahandisi wa redio mjini Portland, akakutana na mhandisi mkuu wa sauti wa studio za Walt Disney. Mhandisi huyo alitaka chombo chenye mabadiliko kadhaa. Ndipo ikatengenezwa 200B, na studio ikanunua nane kwa dola 71.50 kila kimoja, kwa ajili ya mitambo ya sauti ya filamu ya Fantasia. Jumla ilikuwa dola 572, zaidi ya mtaji wote wa kuanzia. Mwisho wa mwaka 1939 mauzo yalikuwa dola 5,369, na faida dola 1,563.

Tujifunze nini?

Ingekuwa makosa kusimulia habari hii kana kwamba banda la gari pekee lilitosha. Lucile Packard alikuwa na ajira chuoni Stanford, na mshahara wake uliitunza nyumba. Jioni alichapa barua za kampuni, na jiko lake lilitumika kukaushia rangi ya vyombo. Hewlett alifanyia utafiti wake katika maabara ya chuo. Orodha ya majina 25 nayo ilikuwa zao la miaka mingi ya Terman kufahamiana na wahandisi. Bila orodha hiyo, karatasi zile zingetumwa kwa nani? Kijana asiye na Terman wake analazimika kuitafuta orodha ya namna hiyo kwa miguu yake mwenyewe, na kazi hiyo huchukua muda.

Kwa hiyo mwanafunzi aliyebuni kifaa katika maonyesho ya sayansi, na anayetamani kukiuza, na aanze na kalamu. Aandike majina ya watu, shule, zahanati au karakana zenye tatizo ambalo kifaa chake hulitatua. Mbele ya kila jina aandike jinsi tatizo hilo linavyotatuliwa sasa, na kwa gharama gani. Kisha akokotoe gharama ya kukitengeneza kifaa chake kimoja, pamoja na thamani ya saa zake mwenyewe, kabla ya kutaja bei. Akishindwa kufikisha majina matano, fedha za matangazo hazitamsaidia bado. Arudi kwa watu, awaulize wanahitaji nini. Akifikisha majina 25, atakuwa amelingana na wabia wale wa Palo Alto walipokuwa wakilamba stempu zao.