Ndani ya Mlima wa Fedha wa Potosí

Katika lugha yetu twaita kwa neno moja, fedha, yale madini meupe yang'aayo na ile mali tununuliayo chumvi na nguo. Hatukupata kulifikiri sana neno hilo hata tulipofika Potosí, katika nchi ya Bolivia, Amerika ya Kusini. Shughuli iliyotupeleka kule si ya kuelezwa hapa. Yatosha kusema kwamba tulipata siku mbili za nafasi, tukazitumia kwenda kuutazama mlima ambao fedha yake ilienea duniani, hata ikafika pwani yetu.

Mji wa Potosí umejengwa juu sana, zaidi ya futi 13,000. Sisi tuliolelewa chini ya Mlima Meru hujiona kuwa watu wa milimani, lakini kule tulipopanda ngazi za nyumba ya wageni tulisimama mara tatu kupumua, na mtoto wa mwenye nyumba akatucheka. Juu ya mji umesimama mlima mmoja mwekundu uliochongoka kama kichuguu, na kilele chake chapita kilele cha Meru. Wahispania waliuita Cerro Rico, maana yake Mlima Tajiri. Wenyeji wasemao Kiquechua huuita Sumaq Urqu, yaani Mlima Mzuri. Umetobolewa pande zote kama mti ulioliwa na mchwa. Mwaka 2011 sehemu ya kilele ilititia, pakatokea shimo kubwa, na mwaka 2014 mji pamoja na mlima wake ukatiwa katika orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini. Hata hivyo wachimbaji wangali wanaingia humo kila siku.

Siku ya kwanza tulikwenda kuitazama Nyumba ya Sarafu. Ilijengwa kati ya mwaka 1759 na 1773, kuta zake nene kama za ngome, nayo sasa ni nyumba ya makumbusho. Ndani mna mitambo ya miti mikubwa ya kubana fedha iwe bamba, na chini yake pana nafasi walipozunguka nyumbu wakiigeuza. Mwanamke aliyetuongoza akatuambia ya kwamba katika kazi ya sarafu walitumikishwa pia watumwa waliotolewa Afrika. Alipokwisha kusema hayo alitutazama usoni, kisha akatazama chini. Hatukujua la kumjibu. Wageni wenzetu walikwenda mbele, nasi tukabaki kidogo karibu na mitambo ile.

Katika kabati la kioo tuliona reale zenye nguzo mbili. Wazee wa pwani waliijua sarafu hiyo, wakaiita reale ya mzinga, maana zile nguzo waliziona kuwa mizinga. Zilipigwa katika miji kadhaa ya Wahispania huko Amerika, na Potosí ulikuwa mmojawapo. Basi, labda katika zile zilizopita mikononi mwa wafanya biashara wa Unguja zilikuwamo zilizotoka katika mlima huu. Walimu wanaofundisha habari za biashara ya zamani waweza kuwaonyesha watoto njia hiyo katika ramani; ni ndefu kweli kweli.

Siku ya pili ndiyo siku ya mgodi. Kiongozi wetu alikuwa mtu wa makamo aliyewahi kuwa mchimbaji. Alitupa viatu vya mpira, kofia ngumu na taa za kufunga kichwani, kisha akatupeleka kwanza sokoni, akatuambia ya kuwa si adabu kuingia katika nyumba ya watu mikono mitupu. Wachimbaji hupewa zawadi na wageni: soda, sigara, na majani ya koka, ambayo huyaweka shavuni saa nyingi kama wazee wetu watafunavyo tambuu, ili wasisikie njaa wala uchovu. Tena huuzwa baruti ya kupasulia mawe, waziwazi, karibu na mikate. Tukanunua soda na koka. Baruti tuliiogopa, jambo lililomchekesha sana mwenye duka.

Mlango wa mgodi ni tundu lililozungushiwa mawe, na juu yake pana madoa meusi. Kiongozi alituambia ni damu ya lama. (Lama ni mnyama wa jamii ya ngamia, lakini hana nundu.) Tulipoingia, mwanzo palikuwa na baridi, maji yakatufika vifundoni. Twalikwenda kwa kuinama juu ya reli, na mara kwa mara kiongozi alipiga kelele, nasi tukajibana ukutani ili mkokoteni wa chuma upite, watu wawili wakiuvuta na wawili wakiusukuma mbio. Baada ya kwenda mwendo wa nusu saa baridi ikageuka joto, na vumbi likatukaba koo. Mwenzetu mmoja aliomba kurudi, akarudishwa.

Tulipoketi kupumzika, kiongozi alitueleza mambo ya kale. Mwaka 1545, kama isemwavyo, mchunga lama aliyeitwa Diego Huallpa ndiye aliyeigundua fedha ya mlima huu. Mwanzo wenyeji waliyayeyusha mawe wenyewe katika tanuru ndogo zenye matundu, walizoziweka vilimani ili upepo uzipulize. Mawe yaliyo bora yalipopungua, Wahispania walianza kutumia zebaki iliyotoka Huancavelica katika nchi ya Peru: mawe yalisagwa unga, yakachanganywa na zebaki, nayo ikaishika fedha. Lakini kazi hiyo ilitaka watu wengi. Ndipo Francisco de Toledo, aliyekuwa liwali mkuu wa mfalme wa Hispania, alipoweka katika miaka ya 1570 sheria iitwayo mita: kutoka vijiji vya mbali, mwanamume mmoja katika kila saba aende Potosí kwa zamu ya mwaka mmoja. Hesabu yao ilikuwa yapata 13,000 kila mwaka. Walikuja na wake zao na watoto na lama waliobeba chakula, na wengi hawakuonekana tena kwao. Sheria hiyo haikufutwa hata mwaka 1812.

Sisi tulikuwa tumesoma kabla ya safari maneno ya José de Acosta, padre Myesuiti, aliyetoa kitabu chake mwaka 1590. Asimulia jinsi wachimbaji walivyopanda kwa ngazi za ngozi zilizosokotwa, mzigo wa mawe mgongoni, na wa kwanza akiwa na mshumaa uliofungwa katika kidole gumba. Na kabla yake, mwaka 1550, Domingo de Santo Tomás wa shirika la Wadominiko, aliuandika mgodi huu kuwa ni kinywa cha jehanamu, ambacho watu wengi huingia humo kila mwaka wakitolewa sadaka kwa fedha, mungu wa mabwana zao. Twafurahi kwamba mtu wa Kanisa aliyasema hayo mapema hivyo. Lakini mita ilikuja baada ya maneno yake, ikadumu zaidi ya miaka mia mbili, na makanisa mazuri ya Potosí yamejengwa katika siku hizo hizo. Hatuwezi kuitaja habari ya kwanza tukaiacha ya pili.

Kisha tukafika mahali alipoketi Tío. Neno hilo kwa Kihispania ni mjomba. Ni sanamu ya udongo, mwenye pembe, ameketi kama mfalme, kinywani sigara, na mapajani rundo la majani ya koka. Wachimbaji husema yeye ndiye mwenye mali yote ya chini. Kiongozi alimwagia pombe kali, kisha akatunyoshea mfuko wa koka ili nasi tutoe. Tukakataa kwa upole. Mchimbaji aliyekuwa akipumzika hapo, shavu lake limevimba kwa koka, aliuliza kwa nini. Kiongozi akamfasiria kwamba sisi ni walimu wa dini. Yule akacheka, akasema naye ni Mkristo, amebatizwa, watoto wake wote wamebatizwa, na siku ya Jumapili huenda kanisani. Lakini huku chini, alisema, ni kwa Mjomba.

Tulikuwa na maneno tayari ya kumjibu, maana mambo ya namna hii tumeyafundisha miaka mingi katika nyumba ambazo msalaba umetundikwa ukutani na hirizi imefichwa chini ya mto. Lakini tuliona kwamba kabla ya saa moja kwisha sisi tutakuwa tukinywa chai nje, naye atabaki chini ya mawe yale yaliyoshikiliwa na magogo yaliyopinda. Tukampa soda. Tulimwuliza habari zake. Serikali iliacha kuichimba milima hii yenyewe baada ya bei ya bati kuanguka mwaka 1985, na sasa wachimbaji wamo katika vyama vyao vya ushirika. Hawana mshahara, kila mtu hupata kwa kadiri ya mawe aliyoyatoa. Mawe hayo siku hizi ni zinki na risasi, na fedha kidogo ndani yake. Baba yake alikufa kwa ugonjwa wa vumbi la mawe, ule unaokausha mapafu polepole. Mwanawe yuko shuleni, na ada yatoka humu. Alisema hataki mtoto yule auone mlango wa mgodi, hata kwa matembezi.

Akatikisa chupa, akaona imebaki nusu, akaifunga vizuri ili ampelekee mwenzake.

Tulipotoka, mwanga ulituumiza macho. Nje palikuwa na mwanamke mzee ameketi juu ya chungu ya mawe yaliyotupwa, akiyagonga moja moja kwa nyundo ndogo ili apate yenye madini. Huitwa palliri wanawake hawa, na wengi ni wajane wa wachimbaji. Tulimpa koka iliyobaki, akaipokea kwa mikono miwili, kama ilivyo adabu kwetu. Akauliza tumetoka wapi. Tulimwambia Tanganyika ya zamani, nchi iitwayo sasa Tanzania, ambako watu wachimba dhahabu, na vito vya rangi ya buluu huko Mererani. Akamwuliza kiongozi neno, naye akatufasiria: ataka kujua kama wajane wa kwenu nao hupewa mawe yaliyotupwa.

Tukiwa bado tunalitafuta jibu, gari likapiga honi, na mama yule akaishika nyundo yake tena.