Sumu Iliyojificha Utumboni: Habari za Daktari Sambhu Nath De

Somo letu la leo ni la afya. Litawafaa hasa ninyi wa wilaya za Tarime na Serengeti, maana wengi wenu bado mnateka maji mitoni, mabwawani na katika visima vya wazi. Yafuateni maneno haya kwa kidole, nasi tutakwenda polepole.

Kwanza nakuuliza swali. Mtu wa nyumbani kwako akianza kuhara na kutapika, utampa maji ya kunywa au utamnyima? Wako watu wasemao, "Usimpe maji, ukimpa atazidi kuhara." Maneno hayo yamewapeleka wengi kaburini. Ili uelewe sababu yake, sikiliza habari za Mhindi mmoja ambaye watu wachache sana wanalijua jina lake.

Jina lake ni Sambhu Nath De. Alizaliwa mwaka 1915 katika kijiji cha Garibati, jimbo la Bengal, nchini India. Familia yake haikuwa tajiri. Hata hivyo alisoma kwa bidii, akawa daktari mwaka 1939 katika mji wa Calcutta, ambao siku hizi huitwa Kolkata. Baadaye alikwenda London kuongeza elimu, kisha akarudi kwao kufanya kazi.

Huko Bengal kipindupindu kilikuwa adui wa zamani. Mgonjwa wa kipindupindu huharisha maji meupe, kama maji yaliyooshea mchele. Mtu mzima aweza kupoteza lita 10 au zaidi kwa siku moja, yaani nusu ya dumu kubwa la maji. Macho huzama, ngozi hulegea, mkojo hukatika, na asipotibiwa aweza kufa kabla jua halijazama.

Mwaka 1884 Mjerumani Robert Koch alikwenda Calcutta, akaonyesha kijidudu cha ugonjwa huo. Koch alipata sifa duniani kote. Hata katika Ziwa letu la Victoria alifika, akafanya kazi katika visiwa vya Sese, Uganda, mwaka 1906, akichunguza ugonjwa wa malale. Koch alidhani kwamba kijidudu cha kipindupindu hutoa sumu. Lakini sumu hiyo iko wapi, na inafanya kazi gani? Wataalamu waliitafuta kwa miaka 75 wasiione. Waliwadunga wanyama vijidudu mwilini, lakini wanyama hao hawakupata ugonjwa kama ule wa binadamu.

Daktari De alifikiri kwa njia nyingine. Alisema moyoni: ugonjwa huu ni wa utumbo, basi tuutafute utumboni. Alimchukua sungura, akamlaza kwa dawa ya usingizi, akafunga kipande cha utumbo wake kwa uzi huku na huku. Ndani ya kipande hicho akatia vijidudu vya kipindupindu. Kesho yake alikuta kipande kimejaa maji tele. Habari hizo zilichapishwa mwaka 1953.

Lakini alitaka kujua zaidi. Alivikuza vijidudu katika mchuzi, kisha akauchuja mchuzi ule kwa chujio lenye matundu madogo mno, hata kijidudu kimoja kisiweze kupita. Akatia mchuzi huo mtupu utumboni mwa sungura. Utumbo ukajaa maji vilevile! Basi ikawa wazi kwamba kijidudu hutoa sumu, na sumu hiyo ndiyo inayoyavuta maji ya mwili. Habari hiyo ilitangazwa mwaka 1959 katika jarida la Nature la Uingereza. Hakutumia mashine za gharama kubwa. Alitumia akili, uzi, chujio na subira.

Nikupe mfano. Sumu hiyo ni kama mwizi afunguaye lango la zizi usiku. Zizi halikubomolewa, lakini ng'ombe wanatoka mmoja mmoja mpaka linabaki tupu. Ndivyo maji na chumvi vitokavyo katika damu kuingia utumboni. Wataalamu wengine wakagundua baadaye kwamba zizi hilo lina lango la pili ambalo mwizi haligusi. Sukari kidogo ikichanganywa na chumvi, utumbo hunyonya maji hata wakati mtu anaharisha. Mwaka 1971, wakati wa vita ya Bangladesh, daktari Dilip Mahalanabis wa Calcutta aliwanywesha wakimbizi wa kambi ya Bangaon maji hayo. Kabla ya hapo walikuwa wakifa wagonjwa karibu 30 katika kila 100. Wakawa wanakufa wasiofika 4.

Je, De alipata tuzo gani? Nyumbani kwake hakutukuzwa sana. Joshua Lederberg, Mmarekani aliyekuwa na Tuzo ya Nobel, alilipendekeza jina lake lakini hakupewa. Mwaka 1978 alialikwa Sweden kwenye mkutano wa wataalamu. Huko alisema kwamba kwa miaka mingi alikuwa kama maiti, na mkutano ule umemfukua kaburini. Alifariki mwaka 1985.

Heshima tuwezayo kumpa sisi ni kuyatumia maarifa haya. Kipindupindu si habari ya India tu. Kuanzia Agosti 2015 hadi mwanzo wa 2018 kiliwapata watu zaidi ya 30,000 Tanzania, na zaidi ya 500 walikufa.

Basi shika haya:

1. Mtu akiharisha, mpe maji mara moja. Tumia pakiti ya chumvichumvi katika lita 1 ya maji safi.
2. Kama huna pakiti, tia vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi katika lita 1 ya maji yaliyochemshwa na kupoa. Vijiko viwe sawasawa, visirundikwe.
3. Mpe kidogo kidogo. Akitapika, ngoja dakika 10, kisha endelea. Mtoto aendelee kunyonya.
4. Mpeleke zahanati upesi, huku mkimnywesha njiani.
5. Chemsha maji ya kunywa, tumia choo, nawa mikono kwa sabuni.

Maswali ya kuzungumza darasani: Kwa nini De alimtafuta adui utumboni? Lango la pili ni lipi? Nyumbani kwako sukari na chumvi vinakaa wapi, na nani anajua kupima?

Kwa herini mpaka somo lijalo.