Urwarwa wa chupa: haraka inavyopasua mtaji wa mtu mdogo

ALIYEPITA Gitega au Muyinga mwaka 2023 na 2024 analikumbuka jibu la wahudumu wa baa: Primus hakuna, Amstel hakuna, labda kesho. Uhaba wa fedha za kigeni na wa mafuta ulikuwa umeibana nchi nzima, na Brarudi, kampuni iliyoanzishwa 1955 na yenye viwanda Bujumbura na hapa kwetu Gitega, haikusalimika. Kreti zikawa zinasubiriwa kama mvua ya kwanza.

Pengo hilo halikukaa wazi. Urwarwa, pombe yetu ya ndizi, ambayo tangu enzi za mababu hunywewa kwa mrija watu wakiwa wamekaa pamoja, uliingia ndani ya chupa. Sokoni unaukuta katika chupa za kioo, za soda, hata za maji, mwingine una lebo, mwingine hauna. Wengi wanaoufunga ndio kwanza wanaanza, na miongoni mwao tupo sisi tuliorudi kutoka Tanzania, ambao mtaji wa kufungua duka hatuna lakini bidoni mbili na mikungu michache hatukosi.

Mimi ni mwalimu wa kemia hapa Gitega. Nilizaliwa Ulyankulu, mkoani Tabora, mtoto wa waliokimbia mwaka 1972, nikasoma huko hadi kidato cha sita, tukarudi 2008. Kule pombe ya nyumbani tuliyoijua ni wanzuki ya asali. Urwarwa nimeujulia ukubwani, na pengine ndiyo sababu niliuuliza maswali ambayo mtu aliyekua nao haulizi.

Utengenezaji wake wa asili wasomaji wengi mnaufahamu. Ndizi za pombe huivishwa kwa siku chache, humenywa, hukandwa pamoja na majani makavu hadi zitoe maji matamu, yaani umutobe. Ukiongeza maji unapata urwarwa. Usipoongeza unapata insongo, ambayo ni kali zaidi. Hutiwa unga wa mtama uliokaangwa, chombo hufunikwa, na siku ya tatu au ya nne watu hukaa. Utaratibu huo hauna kasoro hata moja, ilimradi kinywaji kinyweke siku hiyo hiyo. Chungu hakina kizibo, gesi inajitokea yenyewe, na kesho kutwa hakuna kilichobaki cha kuharibika.

Tatizo huanza pale pombe ya siku nne inapofungiwa katika chupa.

'Chupa hazipasuki zenyewe'

Mwaka 2024 dada yangu, ambaye ameolewa Muyinga, alinipigia simu usiku. Jirani yake, mama mmoja aliyerudi kambi ya Mtabila ilipofungwa mwaka 2012, alikuwa amekopa katika kikundi chao cha kuweka na kukopa, akanunua ndizi, akafunga chupa 40 kwa ajili ya siku ya soko. Usiku ule chupa 11 zilipasuka moja baada ya nyingine. Kigae kimoja kilimchana binti yake juu ya nyusi. Kingeshuka kidogo tu, mtoto angepoteza jicho.

Kulipokucha yakaanza maneno. Mama huyo na mzee wa jirani wana mgogoro wa shamba, ule ule tunaoujua sote: mmoja alikimbia, mwingine akalima. Kesi yao ilikwishapita katika Tume ya Ardhi na Mali Nyingine, CNTB, iliyoundwa 2006 na kumaliza muda wake 2022, shamba likagawanywa, lakini mioyo haikugawanyika sawasawa na shamba. Basi watu wakasema: chupa hazipasuki zenyewe, kuna mkono wa mtu. Na kila mmoja alijua mkono unaosemwa ni wa nani. Wanaoishi kwenye vilima vyetu wanaelewa maneno kama hayo yanaweza kuishia wapi.

Nilifika Jumamosi kwa njia ya Karuzi.

"Mwalimu," mama yule akaniambia, "nieleze kama katika vitabu vyenu kuna kitu kinachopasua chupa iliyofungwa vizuri."

"Mama, ulifunga siku ya ngapi?"

"Ya nne. Povu lilikuwa limetulia."

"Sukari uliongeza?"

"Vijiko viwili vya chai kila chupa, ili ichangamke."

Jibu lote lilikuwa humo. Hamira hula sukari na kutoa vitu viwili, kileo na gesi ya kaboni dayoksaidi. Kwenye chungu gesi huenda zake. Kwenye chupa iliyozibwa haina pa kwenda, inayeyuka ndani ya kinywaji na kuusukuma ukuta wa kioo. Ili urwarwa uwe na povu la kiasi kama bia ya kiwandani, inatosha gramu 6 hivi za sukari kwa lita moja, yaani kijiko kimoja cha chai kisichojaa sana kwa chupa ya sentilita 72. Yeye alitia mara mbili yake, juu ya kinywaji ambacho hakikuwa kimemaliza sukari yake ya asili. Sukari ya ndizi iliyobaki ikiwa gramu 20 tu kwa lita, gesi yake peke yake ni zaidi ya mara tatu ya ile inayohitajika.

Nilimwomba mzee jirani naye aje. Bidoni ilikuwa na kinywaji kilichosalia. Nikajaza chupa ya plastiki ya soda bila kuongeza hata punje ya sukari, nikaibonyeza hewa itoke, nikaifunga, nikampa mzee aiweke mwenyewe mezani kwake. Asubuhi alirudi nayo. Ilikuwa imevimba, ngumu kama jiwe. Akaibonyezabonyeza kwa kidole gumba, akasema, "Kwa hiyo mchawi ni huyu anayekula sukari." Watu wakacheka, na mimi nikapumua.

Chupa 29 zilizobaki zilikuwa hatari kama zile zilizopasuka. Tulizifunika kwa magunia yaliyoloweshwa, tukazifungua alfajiri kukiwa bado na baridi, mkono ukiwa chini ya gunia na uso umegeuzwa kando. Chupa ya namna hiyo haishikwi wazi wazi, wala haitikiswi.

Umekwisha au umetulia?

Kutulia kwa povu si dalili ya kumalizika. Gitega iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai hamira husinzia kwa baridi. Ukipeleka bidoni mahali penye joto inaamka upya. Mama yule alizipanga chupa zake kwenye rafu chini kidogo tu ya bati. Mchana zilipata joto, usiku zikalipa deni.

Mwenye uwezo atafute haidromita, kile kipimo cha kioo kinachoelea. Kinywaji chenye sukari ni kizito na kipimo huelea juu. Sukari ikiisha kinazama. Kikisoma namba ile ile siku tatu mfululizo, kazi imekwisha. Asiye nacho atumie chupa ya plastiki kama tulivyofanya: ikikaa siku mbili mahali penye joto bila kukakamaa, anaweza kufunga. Kwa hali ya hewa ya kwetu, mimi husubiri wiki mbili, na bidoni yangu haifungwi kabisa: hupitisha mpira mwembamba kwenye kizibo, ncha nyingine nikaizamisha katika chupa ya maji. Gesi inatoka, nzi na hewa haviingii. Hewa ndiyo inayogeuza urwarwa kuwa siki.

Kosa la kupima sukari kwa macho si la Muyinga peke yake. Huko Champagne, Ufaransa, wafanyakazi wa maghala ya mvinyo walivaa vinyago vya chuma kwa sababu ya chupa zilizokuwa zikipasuka, hadi mfamasia mmoja wa Châlons, Jean-Baptiste François, alipochapisha mwaka 1836 njia ya kupima sukari iliyomo kabla ya kufunga. Matajiri wale walikuwa na mashamba, na majumba, na hesabu hiyo hawakuwa nayo.

Kwa bidoni ya lita 20, ukiacha mashapo ya chini, unabaki na lita 18 hivi. Sukari ni gramu 108. Usiigawe kwa kijiko chupa kwa chupa, kwa kuwa mkono haulingani. Iyeyushe yote katika nusu lita ya maji, ichemshe, ipooze, iweke katika ndoo safi, kisha hamishia urwarwa juu yake kwa mpira, polepole, bila kuurusha. Zitatoka chupa 25. Acha nafasi ya vidole viwili chini ya kizibo. Chupa ziwe zimeoshwa kwa brashi na kupitishwa katika maji ya moto. Hapa ndipo wengi huona uvivu, na hapa ndipo ladha ya siki huzaliwa.

Chupa yenyewe iwe ile iliyotengenezwa kwa ajili ya bia, nzito, isiyo na ufa mdomoni. Za mvinyo na za maji ya kunywa hazikuundwa kwa mgandamizo huo. Rangi isikusumbue sana: bia ya kiwandani huogopa mwanga kwa sababu ya hopsi, na urwarwa hauna hopsi. Ondoa kabisa lebo ya mwenye kampuni, maana kumuuzia mtu urwarwa chini ya jina la mwingine ni udanganyifu.

Pamoja na chupa za kioo, jaza moja ya plastiki. Hiyo ndiyo itakayokuambia yanayoendelea kwa wenzake. Zote zikae ndani ya sanduku lililofunikwa gunia, mbali na watoto, wiki mbili katika joto la kawaida la chumba. Ya plastiki ikikakamaa kama soda mpya, zihamishie mahali pa baridi zikae wiki nyingine. Ikiwa umependa kinywaji kisicho na gesi, njia ni nyingine: kipashwe moto kwanza, hadi kiasi cha nyuzi 70, ndipo kijazwe na kufungwa. Lakini chupa ambayo tayari ina gesi usiithubutu kuichemsha.

Kung'aa

Mnywaji wa kijijini haulizi kama urwarwa unapitisha mwanga. Mnunuzi wa mjini anauliza, na wa ng'ambo ya mpaka anauliza zaidi, kwa kuwa amezoea mvinyo wa ndizi wa viwandani, kama ule wa Raha wa Banana Investments ya Arusha. Binafsi naona ukungu si dhambi. Tatizo ni mashapo mazito yanayokaa wiki kadhaa chini ya chupa, ambayo huleta ladha ya hamira mbichi, na barabara ya Karuzi huyavuruga yote hadi mteja akadhani ameuziwa uji.

Umutobe uliokandwa vizuri kwa majani huwa karibu angavu wenyewe. Kinachouchafua kwa kawaida ni unga wa mtama. Basi unga usimwagwe ndani. Ufungwe katika kitambaa safi, uning'inizwe kama majani ya chai, utolewe baada ya siku tatu. Kisha subiri. Siku ya kumi hamisha kwa mpira kwenda bidoni safi, acha tope nyuma, na siku tatu za mwisho izungushie mchanga uliolowa maji baridi. Hamira hushuka yenyewe. Ukiona chupa iliyokuwa angavu imeingia ukungu kwenye friji na kurudi safi ikipata joto, usiitupe, ni mtama tu unakutana na baridi.

Hata hivyo, pombe inayong'aa inaweza bado kuwa na sukari, na ile yenye ukungu inaweza kuwa imemaliza. Jicho halipimi sukari. Nimewaona wanaochuja mara tatu kwa kitambaa siku ya tano, wakafurahia rangi, wakafunga bomu.

Kwa wenzetu wa Kobero na Kabanga niongeze machache. Ule utaratibu rahisi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki kwa mizigo isiyozidi dola 2,000 unahusu bidhaa zilizo katika orodha, hivyo ulizeni kwenye dawati la forodha kabla ya kupakia. Kileo cha chupa kitadaiwa pia viwango: BBN upande wetu, TBS upande wa pili. Na msichanganye mzigo huu na kanyanga. Ile ni gongo, imekatazwa, na mkaguzi akiikuta chini ya kreti hatasikiliza habari za ndizi.

Mama yule wa Muyinga, ambayo tangu 2025 imo katika mkoa mpya wa Buhumuza, sasa hafungi kabla ya wiki mbili. Ndizi ananunua kwa mzee jirani, kwa mkopo, analipa akishauza. Jiwe la mpaka wa shamba bado wanalibishania. Mkopo wa kikundi aliumaliza mwaka jana. Amepeleka sampuli BBN, na hadi majibu yatoke anauza mjini tu, kreti mbili kwa wiki.