Upasuaji wa kizazi: saa mbili za daktari, wiki sita za mgonjwa

Mwanamke anapoambiwa kwamba uvimbe wa kizazi chake umekuwa mkubwa na itabidi tumbo lipasuliwe, maswali ya nyumbani yote hukimbilia thieta. Daktari ni nani? Ana uzoefu? Dawa ya usingizi itamwacha salama? Ni maswali ya haki, ila takwimu zinatuelekeza kwingine. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 katika jarida la Lancet ulifuatilia wagonjwa zaidi ya 11,000 waliofanyiwa upasuaji wa kila aina katika hospitali 247 za nchi 25 za Afrika. Wagonjwa hao walikuwa vijana kuliko wenzao wa mabara mengine, na wengi hawakuwa na maradhi mazito ya pembeni, lakini uwezekano wao wa kufariki ulikuwa mara mbili ya wastani wa dunia. Kati ya 239 waliofariki, 225 walifariki baada ya siku ya upasuaji kupita. Thieta walitoka wakiwa hai. Kilichowaondoa kiliwafuata kitandani katika siku zilizofuata, na tatizo lililowapata wagonjwa wengi kuliko mengine yote lilikuwa maambukizi.

Hesabu hiyo inabadilisha maana ya maelezo anayopewa mgonjwa. Tumezoea kuyaona kama hisani ya daktari mpole, kitu kinachofanyika muda ukiruhusu. Mimi naona ni sehemu ya tiba yenyewe, na kuyaruka ni kuacha tiba nusu. Sababu ni nyepesi: upasuaji wa kuondoa kizazi au uvimbe kwa kawaida huchukua saa moja hadi tatu hivi, lakini wiki kadhaa za kuuandaa mwili na wiki sita au zaidi za kupona hazina daktari chumbani. Zina mgonjwa, dada yake, mama mkwe, jirani. Hao ndio watakaoona homa ya usiku au mguu uliovimba, na wakiwa hawajui wanachotazama, hakuna fundi wa kisu atakayeweza kuwafidia.

Wapo watakaosema mjadala huu umepitwa na wakati, kwa kuwa Dar es Salaam na Nairobi sasa upasuaji wa matundu madogo unafanyika, na aliyepasuliwa tumbo wazi amepewa tiba ya wasio na fedha. Hoja hiyo ina ukweli ndani yake. Matundu madogo hupunguza maumivu na siku za kulazwa, na kizazi kisicho kikubwa sana mara nyingine kinaweza kutolewa kwa njia ya uke bila tumbo kuguswa kabisa. Mgonjwa ana haki ya kuuliza kwa nini njia hizo hazimfai. Ila asidhani jibu lazima liwe umaskini. Uvimbe uliofika kitovuni, tumbo lililoshikana ndani kwa sababu ya upasuaji wa zamani, au shaka ya saratani, ni sababu za kitabibu za kufungua tumbo. Mwaka 2018 huohuo yalitoka matokeo ya jaribio la kimataifa lililohusisha wanawake 631 wenye saratani changa ya mlango wa kizazi. Baada ya miaka minne na nusu, asilimia 96.5 ya waliopasuliwa tumbo wazi walikuwa hai bila saratani kurudi. Kwa waliofanyiwa kwa matundu madogo ilikuwa asilimia 86. Teknolojia mpya ilishindwa na kovu la zamani. Katika nchi kama Tanzania, ambako saratani hiyo ndiyo inayoua wanawake wengi kuliko saratani nyingine, si jambo la kupita juu juu.

Swali linalostahili muda mrefu zaidi ni hili: nini kitatolewa, na nini kitabaki? Watu husema tu “kutolewa kizazi” kana kwamba ni jambo moja. Kuna kuondoa uvimbe peke yake na kukiacha kizazi, kwa anayetaka bado kuzaa; huyo ajue kwamba uvimbe mwingine unaweza kuota, na kwamba akishika mimba baadaye huenda akashauriwa kujifungua kwa upasuaji kwa sababu ya kovu la kwenye ukuta wa kizazi. Kuna kuondoa kizazi na kuuacha mlango wake. Kuna kuondoa vyote viwili. Halafu kuna suala la vifuko vya mayai, na hapa ndipo nadhani wanawake wengi wanasaini bila kujua wanachosaini. Kizazi kikitoka na vifuko vikabaki, hedhi inakoma lakini homoni zinaendelea kutengenezwa. Vifuko vikitolewa kwa mwanamke wa miaka 40, ukomo wa hedhi unamwingia kwa siku moja: joto la ghafla, jasho la usiku, ukavu wa uke, na kwa miaka inayofuata hatari zaidi ya mifupa kudhoofika na ya maradhi ya moyo. Wakati mwingine kuviondoa ni lazima, kwa mfano pakiwa na saratani. Wakati mwingine ni mazoea tu. Tofauti ya hayo mawili inapaswa kusemwa kabla ya fomu ya ridhaa kutiwa sahihi, pamoja na swali linaloambatana nayo: daktari akifungua na kukuta asichotarajia, ameruhusiwa kufanya nini?

Pingamizi kubwa kutoka kwa wahudumu wenyewe ni kwamba maelezo mengi yanamtisha mgonjwa, naye atatoroka kwenda kwa mganga na kurudi akiwa amechelewa. Sikatai kwamba wapo wanaotoroka. Ila mgonjwa asiyeelezwa hakai bila habari. Anaelezwa na mtaa. Mtaa utamwambia kwamba mwanamke asiye na kizazi anabaki mtupu, kwamba tendo la ndoa limekwisha, kwamba mume atagundua. Ukweli hautishi kama hayo. Uke unabaki, hamu haikai ndani ya kizazi, na mwanamke aliyekuwa akivuja damu siku kumi kila mwezi mara nyingi hupata nafuu ya ndoa kuliko hasara. Na kwa kuwa tumeitaja ndoa: sahihi ya mgonjwa mtu mzima mwenye akili timamu ni yake. Mume ana kazi nyingine ya maana, kutafuta watu wa kuchangia damu na kubeba ndoo za maji wiki zile, lakini mwili unaopasuliwa si wake.

Damu ndiyo sehemu ya maandalizi inayopuuzwa zaidi. Mwenye uvimbe unaomtoa damu nyingi hufika hospitali akiwa amepauka, na baadhi wameizoea hali hiyo kiasi cha kuiona ya kawaida. Kwa kipimo cha Shirika la Afya Duniani, mwanamke asiye mjamzito anahesabiwa kuwa na upungufu wa damu akiwa na chini ya gramu 12 za hemoglobini kwa desilita. Uchambuzi wa kumbukumbu za wagonjwa zaidi ya 227,000, uliochapishwa mwaka 2011, ulionyesha kwamba hata upungufu mdogo kabla ya upasuaji unaongeza hatari ya kufariki ndani ya siku 30. Kama upasuaji si wa dharura, kuuahirisha kwa wiki kadhaa ili hedhi idhibitiwe na damu ijengwe kwa vidonge vya madini ya chuma si uzembe. Vidonge hivyo visimezwe kwa chai, kwani chai inazuia mwili kuyafyonza madini hayo, machungwa yanasaidia. Mgonjwa ataje pia kila anachotumia, dawa za presha na sukari, na za mitishamba bila aibu, kwa sababu baadhi zinaweza kuongeza kutokwa damu au kugombana na dawa ya usingizi. Kunyoa nyumbani kwa wembe usiku wa kuamkia upasuaji, desturi iliyoonekana usafi kwa vizazi, Shirika la Afya Duniani limeikataza katika mwongozo wake wa mwaka 2016, maana vijeraha vya wembe hufungulia vijidudu mlango. Aoge vizuri, basi. Na ule mfungo wa tangu machweo mpaka adhuhuri ya kesho yake hauna faida: kwa mgonjwa wa kawaida chakula husimamishwa muda wa saa sita kabla ya upasuaji, maji muda wa saa mbili kabla, isipokuwa mtaalamu wa usingizi ameagiza vingine.

Akiingia thieta ataulizwa tena jina lake na upasuaji anaokuja kufanyiwa, hata kama ameshaulizwa mara tatu. Asikasirike. Ni orodha ya usalama ya Shirika la Afya Duniani, iliyojaribiwa katika miji minane, Ifakara ya Morogoro ikiwa mmoja wao. Matokeo yake ya mwaka 2009 yalionyesha vifo vikishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8.

Baada ya hapo kazi inahamia kwa mgonjwa. Kulala chali siku tatu kwa kuhurumia mshono ni hatari kuliko kuinuka, maana damu inaweza kuganda kwenye mishipa ya mguu na kipande kikapanda hadi mapafuni. Ndiyo maana muuguzi anamsimamisha siku ya kwanza au ya pili, hata kama mgonjwa analalamika. Utumbo nao huamka taratibu. Kutoa upepo ni habari njema wala si aibu, na kutafuna bazoka, ajabu lakini kweli, kumeonekana kuuharakisha. Akirudi nyumbani asikubali kukandwa kwa maji ya moto juu ya kidonda wala kupakwa majivu. Asinyanyue ndoo wala mtoto mzito, na tendo la ndoa lisubiri wiki sita au nane, kwa kuwa kizazi kikitolewa pamoja na mlango wake kuna mshono mwingine juu ya uke ambao hakuna anayeuona. Homa, usaha, tumbo kujaa na kutapika, damu nyingi ukeni, maumivu ya mguu mmoja, pumzi kukatika: lolote kati ya hayo ni safari ya hospitali siku hiyohiyo. Mkojo unaovuja bila kuzuilika pia. Mapitio ya wanawake karibu 6,000 waliotibiwa fistula, yaani tundu linalosababisha uvujaji wa namna hiyo, katika nchi 11, nyingi za Afrika, yalikuta takriban asilimia 13 walijeruhiwa na upasuaji wenyewe, baadhi yao wakati wa kutolewa kizazi. Jeraha la namna hiyo linatibika, lakini si kwa mwanamke anayejificha akidhani ndivyo kupona kulivyo.

Linabaki pingamizi la muda, na ndilo zito. Katika ule utafiti wa Afrika, nchi ya katikati ilikuwa na wataalamu 0.7 wa upasuaji, uzazi na usingizi kwa kila watu 100,000. Kumwambia daktari wa wodi kama hiyo aketi nusu saa na kila mgonjwa ni kejeli. Lakini uhaba huohuo ndio unaomlazimu kupata wasaidizi, na wasaidizi wa bure wapo tayari pembeni mwa kitanda. Karatasi moja ya Kiswahili chepesi na muuguzi aliyeruhusiwa kuisoma kwa sauti mbele ya ndugu vinagharimu kidogo kuliko kumpasua mtu mara ya pili kwa ajili ya usaha.

Na karatasi hiyo isisahau jambo la mwisho, ambalo huangukia kati ya hospitali na nyumbani. Kilichotolewa hupaswa kupelekwa maabara kupimwa, na majibu huja mgonjwa akiwa ameshatoka wodini, mara nyingi mshono umeshapona na nauli ya kurudi haionekani kuwa na sababu. Kabla ya kuruhusiwa aulize: kipande changu kimepelekwa wapi, majibu yanatoka lini, na nimwone nani? Ambaye mlango wa kizazi chake umeachwa aulize pia tarehe ya kipimo chake kijacho cha saratani, maana bado anakihitaji.