Dramu za Elektroniki na Kompyuta Jukwaani: Kweli au Si Kweli?

Wapiga dramu wengi huitumia kompyuta mazoezini bila shida, lakini jukwaani wanaiogopa. Baadhi ya hofu hizo zina msingi. Nyingine ni maneno yanayorithishwa tu bila mtu kuyapima. Tuyapime.

1. "Sauti ikipitia kompyuta lazima ichelewe na kuvuruga mdundo."

SI KWELI. Kuchelewa kupo, ila kunapimika na kunapunguzika. Bafa (akiba ndogo ya sauti inayosubiri kuchakatwa) ya sampuli 128, kwa kasi ya sampuli 48,000 kwa sekunde, ni milisekunde 2.7 hivi. Moduli (kisanduku kinachopokea mapigo ya padi) na kadi ya sauti huongeza kidogo. Kumbuka kwamba hata hewani sauti hutumia karibu milisekunde 3 kwa kila mita: mpiga gitaa aliye mita nne kutoka kwenye spika huisikia baada ya milisekunde 12 hivi, na bendi inaendelea vizuri. Kwenye Windows tumia draiva ya ASIO ya kadi yako. Mac ina Core Audio tayari. Sauti ikianza kukatikakatika, ongeza bafa hatua moja.

2. "Kompyuta inaua hisia za mkono."

SI KWELI. Tangu MIDI ilipoanza mwaka 1983, kila pigo hubeba namba ya nguvu, kuanzia 1 hadi 127. Programu kama Superior Drummer au Addictive Drums huitumia namba hiyo kuchagua rekodi ya pigo laini, la wastani au la nguvu. Kinachoua hisia ni mpangilio usioendana na mkono wako. Piga sneya kuanzia kwa ulaini hadi kwa nguvu zote, uangalie namba. Zikigota 127 mapema, rekebisha usikivu wa padi na mkunjo wa nguvu.

3. "Ukiwa na kompyuta, moduli haina kazi."

SI KWELI. Kwa kawaida moduli ndiyo inayogeuza mtikisiko wa padi kuwa ujumbe wa MIDI. Ikisoma vibaya, programu hupokea makosa tayari: pigo moja linasikika mara mbili, au tomu inalia ulipopiga sneya. Matatizo hayo yatatue kwanza kwenye moduli.

4. "Chomeka tu, programu itazitambua padi zote."

SI KWELI. Katika utaratibu wa General MIDI, kiki ni noti 36 na sneya 38, na hizo hukubaliana mara nyingi. Ukingo wa sneya, kengele ya raidi na hasa pedali ya haihati hutofautiana. Chagua ramani ya moduli yako, kisha jaribu kila padi na kila ukingo.

5. "Seti yenye rekodi nyingi zaidi ndiyo inayofaa ukumbini."

SI KWELI. Seti kubwa hubeba pia mwangwi wa studio ilikorekodiwa. Ukumbi una mwangwi wake. Viwili hivyo vikikutana, kiki hupoteza makali na maneno ya mwimbaji humezwa. Zima au punguza maikrofoni za chumba ndani ya programu. Zikiondolewa kabisa zisipakiwe, kumbukumbu ya kompyuta nayo itapumua.

6. "Mfumo uliokubali nyumbani unaweza kugoma jukwaani."

KWELI kabisa. Besi kubwa hutikisa jukwaa, na padi zinaweza kujipiga zenyewe. Pandisha kizingiti cha moduli na usimamishe stendi mbali na spika. Zima Wi-Fi, masasisho na hali ya usingizi. Fanya jaribio zima kwa sauti ya onyesho, si kwa hedifoni.

7. "Kompyuta ikiganda, onyesho limekwisha."

SI KWELI, kwa aliyejiandaa. Moduli ina sauti zake. Ipe chaneli yake kwenye mikisa, chaneli hiyo ibaki imezimwa, na umwonyeshe fundi mitambo aifungue akipata ishara yako. Umeme ukikatika, kompyuta mpakato ina betri, lakini moduli nyingi hazina; kwa hiyo moduli na kadi ya sauti zichomekwe kwenye UPS.

Usiiache kompyuta nyumbani kwa sababu ya uvumi, wala usiipeleke jukwaani bila kuipima. Wasikilizaji wanastahili mdundo usioyumba, na jukumu hilo ni la mpigaji, awe na ngozi au padi mbele yake.